Dawa za presha na sukari zinakatikia wapi: tuliyojifunza kwenye kliniki za vituo vya afya

Kliniki ya sukari na presha kwenye kituo cha afya huanza vizuri. Tangazo linatolewa msikitini na kanisani, watu wanajitokeza kupimwa, miezi miwili ya kwanza foleni inatia moyo. Mwezi wa tatu au wa nne dirisha la dawa linaanza kusema "hakuna", na mgonjwa aliyeambiwa "hakuna" mara mbili mfululizo harudi mara ya tatu. Anakuja kuonekana tena wodini, amepooza upande mmoja. Tumeuona mwendo huo Tanzania Bara, kwenye vituo vya mjini na vya vijijini. Tunawaandikia waganga wafawidhi, wauguzi, wateknolojia wa dawa na wajumbe wa kamati za vituo wanaotaka kuanzisha au kufufua kliniki ya namna hii. Wagonjwa na wanaowauguza nao wasome, kwani baadhi ya mambo yamo mikononi mwao.

Dawa zikikatika, jibu la haraka huwa ni kwamba huko juu hakuna hela. Mara nyingine ni kweli. Lakini ukifungua leja na kuifuata mstari kwa mstari, mara nyingi utakuta kituo kiliagiza kidogo, na kiliagiza kidogo kwa sababu kilihesabu vibaya. Hapo ndipo tunapotaka kukaa zaidi.

Tuanze na kupima, kwa sababu kipimo kibaya nacho kinakula dawa. Mtu aliyetoka kupanda bodaboda, akakalishwa kwenye benchi lisilo na egemeo huku kibofu kimejaa, presha yake itapanda hata kama si mgonjwa. Apumzike dakika 5, mgongo uegemee, miguu ikanyage chini bila kukunjwa nne, mkono uwekwe juu ya meza usawa wa moyo, na asizungumze wakati mashine inapima. Pima mara mbili, upishanishe dakika moja au mbili. Mkanda wa mashine nao una saizi: ule wa kawaida ni wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Ukimfunga mama mwenye mkono mnene mkanda huo huo, namba inatoka kubwa kuliko presha yake halisi, na huenda ukamwanzishia dawa za maisha asizozihitaji huku anayezihitaji akizikosa dirishani. Nunueni mkanda mkubwa mmoja kabla ya kununua mashine ya pili. Na mtu asiandikiwe dawa kwa kipimo cha siku moja tu kilichozidi 140/90 kidogo. Arudi apimwe tena, isipokuwa kama namba ni kubwa sana au ana dalili za hatari.

Kwa wenye sukari, tabu ya siku ya kliniki ni njaa. Wanaambiwa waje bila kula, wanafika saa 12 asubuhi, kadi zinatafutwa hadi saa 3, daktari anaingia saa 4. Katikati ya foleni, aliyechoma insulini au kumeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, nyumbani anaanza kutetemeka na kutoka jasho. Waambieni siku hiyo waje na dawa yao na chakula chao, wasichome wala kumeza kabla ya kula. Wapimwe wanapofika, mmoja mmoja kwa jinsi alivyoingia, kisha wapate chakula chao pale pale. Mezani pawe na sukari: vijiko 3 au 4 vya chai kwenye glasi ya maji kwa yeyote ambaye sukari yake iko chini ya 4 (mmol/L) na bado anaweza kumeza, kisha apimwe tena baada ya dakika 15.

Sasa hesabu. Chukua metfomini, dawa ya sukari, ya miligramu 500. Kliniki imeandikisha wagonjwa 60. Mwezi wa kwanza wote wanaanza na kidonge kimoja kwa siku pamoja na chakula, kwa sababu ukianza na dozi kubwa watu wanaharisha na kuiacha. Vidonge 60 kwa siku ni 1,800 kwa mwezi, makopo mawili ya vidonge 1,000 yanatosha na kubaki. Kituo kinaandika kwenye taarifa kwamba matumizi ya mwezi ni 1,800 na kinaagiza kwa kiwango hicho. Lakini dozi inapandishwa hatua kwa hatua. Kufikia mwezi wa tatu, wagonjwa 20 wako kwenye vidonge 2 kwa siku na 40 wako kwenye vidonge 4, yaani 2 asubuhi na 2 jioni. Wagonjwa ni wale wale 60, ila sasa wanatumia vidonge 6,000 kwa mwezi. Stoo inakauka, na kila mmoja anashangaa dawa imekwenda wapi. Tumesikia hata wateknolojia wakishukiwa wizi kwa jambo hili, na inauma kuona mtu mwadilifu akihojiwa kwa kosa la kuzidisha.

Kwa hiyo kliniki inayokua haiwezi kuagiza kwa kuangalia nyuma peke yake. Rejista ioneshe kila mgonjwa anameza vidonge vingapi kwa siku, na kila mwisho wa mwezi mtu mmoja ajumlishe safu hiyo. Kazi hiyo ni ya chini ya saa moja. Jumla ya vidonge vya siku moja ukiizidisha kwa 30, umepata mahitaji ya mwezi, hata kama mwezi uliopita hukugawa nusu yake.

Njia ya pili, ya kutumia leja, inafaa pia, lakini ina mtego wa siku ambazo dawa haikuwepo. Tuseme amlodipini, dawa ya presha, ya miligramu 5 ilitolewa vidonge 2,400 kwa siku 90. Ukigawa kwa miezi 3 unapata 800 kwa mwezi. Lakini kadi ya stoo inaonesha kwamba kwa siku 40 kati ya hizo rafu ilikuwa tupu. Vidonge 2,400 vilitoka kwa siku 50 tu, sawa na 48 kwa siku, yaani 1,440 kwa mwezi. Kituo kisichoondoa siku za rafu tupu kinaomba karibu nusu ya kile kilichotumika kweli, kinakaukiwa mapema zaidi safari ijayo, kisha kinaomba kidogo zaidi ya hapo. Hivyo ndivyo upungufu unavyojizalisha wenyewe bila mtu yeyote kuiba kidonge.

Usikomee hapo. Linganisha 1,440 na rejista. Kama wanaotumia dawa hiyo ni 70, 50 kati yao wakimeza kimoja na 20 wakimeza viwili, mahitaji ni 2,700 kwa mwezi. Ile tofauti ya 1,260 ni watu: waliopewa vidonge vya wiki mbili badala ya mwezi ili dawa "iwafikie wote", walionunua nje, na waliokaa bila dawa. Agiza kwa 2,700. Mzunguko wa oda ukiwa wa miezi 3, ongeza mwezi mmoja wa kusubiri mzigo na wa akiba, upate 10,800. Toa vidonge vilivyopo rafuni, tuseme 800, na oda yako ni vidonge 10,000. Kabla ya kusaini, tazama kipimo cha kuagizia. Pakiti ikiwa ya vidonge 100, namba inayoandikwa ni 100, si 10,000. Na aliyeandika 100 akidhani anaomba pakiti, wakati kipimo ni kidonge kimoja kimoja, ataletewa dawa ya siku moja na ushee.

Kuna jambo la hatari kuhusu amlodipini. Stoo ikipokea ya miligramu 10 baada ya muda mrefu wa kutumia ya 5, wagonjwa waliozoea "viwili asubuhi" wanaendelea na viwili. Hiyo ni miligramu 20, mara mbili ya dozi ya juu kabisa. Siku mzigo wa aina hiyo unapoingia, ziwekwe rafu tofauti, na kila anayepewa aandikiwe upya kwenye bahasha na aseme mwenyewe kwa mdomo atameza vingapi. "Bibi, hiki kipya ni kikubwa, kimoja tu. Hebu niambie asubuhi utameza vingapi?" Sentensi hiyo inachukua nusu dakika.

Bohari ya Dawa, ghala la serikali linalosambaza dawa vituoni, ikiwa haina kitu ulichoomba, usiishie kuandika "hakuna" ukutani. Kuna mfumo wa mshitiri, unaoitwa Jazia, ulioanzia Dodoma mwaka 2014 na kuenezwa mikoa yote ya Bara mwaka 2018. Mshitiri ni muuzaji binafsi aliyeshinda zabuni ya mkoa na bei zake zimekubaliwa mapema, kwa hiyo kituo kinanunua kwake vitu vilivyokosekana Bohari bila kuzunguka madukani. Unahitaji uthibitisho kwamba Bohari haina, oda iliyoandikwa, na idhini ya halmashauri kupitia mfamasia na mganga mkuu. Kinachochelewesha mara nyingi ni karatasi kukaa mezani kwa mtu. Mfamasia wa halmashauri apigiwe simu siku ile ile fomu inapotumwa. Na msisubiri rafu iwe tupu: dawa ikibakiza matumizi ya mwezi mmoja, oda ya mshitiri iwe imeanza kutembea.

Fedha ni eneo gumu, tuseme wazi. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana msamaha wa kulipia matibabu, na ni sahihi kabisa. Lakini wengi wa wagonjwa wa kliniki hii ni wao, kwa hiyo kliniki inakula dawa nyingi na kuingiza fedha kidogo. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilikuwa ikitoza kaya ya watu hadi 6 shilingi 30,000 kwa mwaka, na mgonjwa mmoja mwenye sukari na presha anaweza kutumia zaidi ya hizo peke yake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na ikitekelezwa sawasawa itapunguza mzigo huu. Hata hivyo, kadi ya bima au msamaha isiyokuta dawa dirishani haimfai mgonjwa kitu. Analipiwa ushauri, kisha anakwenda famasi na fedha yake.

Kamati ya kituo ndiyo yenye sauti juu ya matumizi, na kamati haishawishiki kwa malalamiko. Weka daftari dirishani: tarehe, dawa iliyokosekana, idadi ya vidonge. Usiandike jina la mgonjwa. Mwisho wa robo mwaka soma jumla mbele ya wajumbe. Wakisikia kwamba watu kadhaa walirudishwa bila metfomini wakati fedha ya kupaka rangi geti ilipatikana, mazungumzo yanabadilika. Msimamo wetu ni kwamba fedha iliyotokana na dawa irudi kununua dawa, kabla ya kitu kingine chochote.

Mgonjwa anayelazimika kununua nje asitumwe na neno "kanunue" tu. Aandikiwe jina la asili la dawa, si la kampuni, pamoja na nguvu yake, idadi ya vidonge vya mwezi mzima, na namna ya kumeza. Jina la kampuni moja linaweza kumgharimu mara kadhaa ya bei ya dawa ile ile yenye jina la kawaida. Muulizeni bila kumwaibisha anaweza kununua kiasi gani. Watu wengi hununua vidonge 10 na kuvimeza siku moja moja wakiruka ili vifike mwisho wa mwezi, kisha kliniki inaona presha iko juu na kumwongezea dawa ya pili ambayo pia hataweza kuinunua. Kama hawezi zote, daktari ndiye aamue ipi isikose. Insulini kwa mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza haisubiri hata siku moja. Atenololi, dawa ya presha, haikatwi ghafla. Hayo mgonjwa hawezi kuyakisia mwenyewe.

Insulini inahitaji uangalifu wake. Kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1,000. Kisipofunguliwa kinakaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu, na kikiganda kinatupwa hata kama kimeyeyuka na kuonekana kizima. Friji ya chanjo ina wenyewe na kanuni zake. Msijipenyeze, kubalianeni kwa maandishi au tafuteni friji nyingine. Kichupa kilichofunguliwa kiandikwe tarehe na kitumike wiki 4.

Nyumbani kwa mgonjwa, friji mara nyingi haipo, na wapo walioacha insulini kwa kudhani bila friji haiwezekani. Inawezekana. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa mwaka 2021 matokeo ya utafiti uliofuata joto halisi la nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Insulini iliyowekwa kwenye joto hilo kwa wiki 4 haikupoteza nguvu kwa kiasi cha kujali. Chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, mchanga uliolowanishwa katikati, kitambaa chepesi chenye unyevu juu, kivulini palipo na upepo, kinashusha joto vizuri hasa Dodoma, Singida na kwingine kwenye hewa kavu. Pwani, ambako hewa ina unyevu, kinasaidia kidogo. Kichupa kiingie ndani ya mfuko wa plastiki ili lebo isiloe.

Kosa linalotutisha zaidi liko kwenye bomba la sindano. Bomba la insulini la mililita 1 lina yuniti 100, na kwa kawaida kila kimstari kidogo ni yuniti 2. La nusu mililita lina yuniti 50, na kila kimstari ni yuniti 1. Mgonjwa aliyezoea kuhesabu vimistari 10 kwenye bomba dogo anachoma yuniti 10. Mpe bomba kubwa bila maelezo, atahesabu vimistari 10 vile vile na kuchoma 20. Mfundisheni kusoma namba iliyoandikwa, na kila aina ya bomba inapobadilika, avute dozi mbele ya muuguzi kabla ya kuondoka. Insulini ya mchanganyiko, ile yenye ukungu, inabingirishwa viganjani taratibu hadi iwe sawa, haitikiswi. Ikibaki na mabonge, haifai tena. Sindano zilizotumika ziwekwe kwenye dumu gumu lenye kifuniko na zirudishwe kituoni.

Dawa zikishatulia kwenye rafu, toeni za miezi 2 au 3 kwa ambao vipimo vyao vimekuwa vizuri kliniki mbili mfululizo. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, kwa wa vijiji vya mbali, inazidi bei ya vidonge vya presha vya mwezi, na kuipunguza ni msaada mkubwa kuliko hotuba yoyote. Ila andikeni kwenye leja siku mlipoanza utaratibu huo. Mwezi huo matumizi yataruka, halafu yatashuka, na asiyejua sababu ataharibu oda mbili zinazofuata.

Kwa wanaopotea, kasha la kadi linatosha kabla ya kompyuta. Gawanya kasha kwa miezi, na ndani ya mwezi kwa tarehe za kliniki. Kadi inakaa kwenye tarehe ya kurudi. Kliniki ikiisha, kadi zilizobaki kwenye tarehe hiyo ndizo za wasiokuja. Wapigiwe simu ndani ya wiki moja, na rejista iwe na namba mbili, ya mgonjwa na ya mtu anayeishi naye. Swali la kwanza liwe hali yake, si "mbona hukuja?" Wengi wanaona haya: walikosa nauli, au walijaribu dawa ya mitishamba wakaogopa kugombezwa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii apewe orodha ya kitongoji chake tu. Na msimpigie mtu simu aje wakati dawa yake haipo.

Wanaopewa rufaa hospitali ya mkoa hurudi na dawa ambazo ngazi yenu haiagizi, kwa mfano vidonge vya mchanganyiko vyenye amlodipini na losatani, dawa nyingine ya presha, ndani ya kimoja. Mara nyingi vinaweza kugawanywa kuwa vidonge viwili mnavyokuwa navyo. Daktari wa kituo ampigie aliyeandika na wakubaliane, kisha ibadilishwe kwenye kadi pamoja na sababu. Mgonjwa asiachiwe kuamua mwenyewe kati ya karatasi mbili.

Mwisho, uhamisho. Kliniki nyingi zinakufa siku muuguzi mmoja anapopata barua ya kwenda wilaya nyingine, kwa sababu hesabu ya vidonge ilikuwa kichwani mwake. Wawepo watu wawili wanaojua kujumlisha rejista na kujaza oda, na wapokezane kila mwezi wakati wote wawili bado wapo. Anayeondoka akabidhi kwa maandishi: jumla ya vidonge vya siku kwa kila dawa, siku ambazo rafu ilikuwa tupu, oda zilizotumwa na hazijajibiwa, majina ya wanaotumia insulini, na namba ya simu ya mfamasia wa halmashauri.